Kadi Yako Iko kwa Nani?

Nikuulize, msikilizaji, kabla hatujafika mbali: kadi yako ya benki iko wapi saa hii?

Kama iko mfukoni, au umeifunga kwenye ncha ya kitenge, vizuri. Lakini wapo wengi, huko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Base Camp, Juru na Rubondo, na hapa hapa Kaberebere, ambao jibu lao ni neno moja: dukani. Iko kwa mwenye unga na mafuta, kwenye droo, imefungwa mpira pamoja na kadi za majirani, na nyuma yake kimebandikwa kikaratasi chenye tarakimu nne. Tarakimu hizo ni namba ya siri. Siri ya nani tena, wakati hata kijana anayepima sukari anaisoma?

Jioni hii tuongee juu ya pesa zinazotoka kwenye akaunti bila mwenyewe kutoa. Siku ya malipo ya msaada unakwenda kwa wakala, anachomeka kadi, anaangalia kioo cha mashine, anakutazama wewe: "Mama, hapa kuna elfu mbili tu." Na wewe hujagusa kitu tangu mwezi uliopita. Inauma. Na kwa vile inauma, mtu wa kwanza kumtuhumu huwa ni wa mbali: mdukuzi, kijana wa kompyuta, mjanja fulani wa Kampala ambaye hatutamwona maisha yetu yote.

Wadukuzi wapo, sikatai. Mwezi Oktoba 2020 hapa Uganda mfumo wa kampuni ya Pegasus Technologies, inayounganisha benki na mitandao ya simu, uliingiliwa. MTN, Airtel na benki ya Stanbic zikasimamisha kwa muda utumaji wa pesa kati ya benki na simu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kigali, polisi walikamata watu 12, Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda 1, katika kesi ya kuingilia mfumo wa benki ya Equity. Januari 2021 mahakama ikawapa miaka 8 jela. Na anayefuata habari za Kenya amesikia juu ya Mulot, mji mdogo uliopata jina baya kwa sababu ya vijana wanaohamisha laini za simu za watu na kuingia kwenye akaunti zao.

Lakini hebu angalia hasara ilikaa wapi. Katika tukio lile la 2020, kampuni zote tatu zilitoa tamko la pamoja zikisema masalio ya wateja hayakuguswa. Mwizi alipita juu, na hasara ikabaki huko juu kwa wenye mifumo. Anayepita chini, kwa kadi yako na namba yako, anakuachia wewe hasara. Hatoi tamko mtu yeyote. Unabaki wewe na karatasi ya salio.

Sababu yake si ukatili wa benki peke yake. Mashine haina macho. Zile kadi za zamani zenye mkanda mweusi wa sumaku zilikuwa rahisi kunakiliwa: mtu anaipitisha kwenye kifaa kidogo, anatengeneza nyingine kama hiyo. Kadi za siku hizi zina chipu, kile kijisahani cha rangi ya dhahabu, na chipu ni ngumu sana kuiga. Kwa hiyo benki ikifungua kumbukumbu zake ikaona kwamba kadi yenyewe ilikuwepo, chipu ikasomwa, na namba ya siri ikaingizwa sawasawa mara ya kwanza, hitimisho lake ni moja: ulikuwa wewe, au uliyempa.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo tunapokwama. Kwa sababu mara nyingi ni kweli tulimpa.

Nitoe mfano, na ni mfano tu, asije mtu akasema nimemtaja. Mama yuko Juru, ana watoto watano. Wiki ya pili ya mwezi chakula kimeisha. Anakwenda dukani, anachukua unga, maharage, mafuta na sabuni, jumla shilingi elfu sitini. Mwenye duka anamwambia, mama, mimi sina shida na wewe, ila niachie kadi. Anaiacha, na namba anaitaja kwa mdomo. Pesa zinapoingia, mwenye duka anakwenda kutoa mwenyewe. Anatoa elfu themanini. Mama akiuliza, anaambiwa kulikuwa na sukari ya mwezi ule mwingine, na ada ya wakala, na nauli ya boda. Hakuna karatasi. Daftari ni la mwenye duka, kalamu ni ya mwenye duka. Ile elfu ishirini ni wizi au ni deni? Yeye anasema wizi. Dukani wanasema hesabu. Benki inasema: namba ilikuwa sahihi.

Msidhani jambo hili ni la Nakivale tu. Kule Kalobeyei, Turkana, kaskazini mwa Kenya, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza mwaka 2019 kuwapa wakimbizi pesa taslimu kupitia akaunti za benki badala ya vocha za simu za Bamba Chakula, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofuatilia walikuta kadi nyingi za ATM ziko mikononi mwa wenye maduka, zimewekwa bondi kwa ajili ya chakula kilichokwisha kuliwa. Pesa ilikuja ili mtu awe huru kununua anapotaka. Kwa kadi iliyoko dukani, uhuru huo uliishia kwenye droo.

Tena sitaki mtu aniambie kwamba mama huyu ni mjinga. Wanaosema hivyo wamekula. Kadi haiendi dukani kwa kukosa akili, inakwenda kwa njaa. Tangu 2023 msaada wa chakula hapa Uganda umekuwa ukigawiwa kwa makundi, wengine wanapata zaidi, wengine kidogo, wengine hawapati. Mei 2025 watu wapatao milioni moja wakaondolewa kwenye orodha kwa kukosekana kwa fedha za wafadhili. Katika hali hiyo duka linalokopesha ndilo linalofanya watoto wale, na mwenye duka naye ana mtaji mdogo, anaogopa wateja watahamia zoni nyingine na deni lake. Anataka dhamana. Mkimbizi hana shamba la kuweka rehani, hana hati ya kiwanja, hana mshahara. Ana kadi.

Kwa hiyo sisemi msikope. Nasema kadi isiwe dhamana, na nitaeleza kwa nini, maana sababu yake imo hata kwenye sheria za nchi ambazo tunazisifia.

Tuna ndugu zetu waliotoka hapa Nakivale wakapelekwa Marekani. Wanatupigia simu wanasema, huku ukiibiwa kwenye kadi, benki inarudisha. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Marekani ina sheria ya tangu 1978 kuhusu pesa zinazohamishwa kwa mashine. Kadi yako ya benki ikiibwa ukatoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ulipojua, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa inaweza kufika dola 500. Ukikaa zaidi ya siku 60 tangu benki ilipokutumia taarifa ya akaunti inayoonyesha wizi huo, pesa zinazoibwa baada ya hapo zinaweza kuwa zako zote kuzipoteza. Unaona jinsi saa inavyohesabiwa? Lakini kanuni za sheria hiyo hiyo zinasema jambo ambalo ndugu zetu hawalitaji kwenye simu: kama kadi ulimpa mtu kwa hiari yako, naye akatoa zaidi ya mlivyokubaliana, hilo halihesabiwi kuwa ni pesa iliyotoka bila idhini. Litaanza kuhesabiwa siku utakayoiarifu benki kwamba mtu huyo hana ruhusa tena.

Huko ni Marekani, kwenye mawakili wa kila aina. Sasa huku kwetu unategemea nini? Ruhusa uliyoitoa kwa mdomo mbele ya magunia ya unga haina mpaka. Kichwani mwako uliruhusu elfu sitini. Kwenye mfumo uliruhusu kila kitu, leo, kesho na mwezi ujao, mpaka utakapobadilisha namba au kufunga kadi.

Basi imeshatokea, pesa imetoka. Ufanye nini?

Cha kwanza kabisa ni kufunga kadi, kabla ya kugombana na mtu yeyote. Watu wetu hufanya kinyume: wanakwenda dukani kwanza, wanaita mashahidi, wanakwenda kwa mwenyekiti, siku inaisha, na usiku pesa iliyobaki nayo inatoka. Namba ya kupiga imeandikwa mgongoni mwa kadi, lakini kadi ndiyo hiyo huna, au umeibiwa pamoja na pochi. Iandike leo mahali pengine, ukutani, kwenye daftari la mtoto la shule, popote. Kama simu haina salio, nenda kwa wakala wa benki yako akusaidie kupiga. Ukipokelewa, uliza jina la aliyekuhudumia na namba ya kumbukumbu ya malalamiko, andika na saa.

Kisha ombeni taarifa ya akaunti, ile ambayo wengi wetu tunaiita stetimenti. Sio kuambiwa salio kwa mdomo, karatasi. Humo kila pesa iliyotoka ina tarehe, ina kiasi, na mara nyingi inaonyesha ilitolewa kwa wakala au kwenye mashine gani. Karatasi hii imewahi kuamua kesi nyingi kabla hazijaanza, kwa sababu mtu anagundua kwamba "wizi" wake ulikuwa ni ada za kila mwezi zilizokusanyika, au kodi. Uganda ina kodi ya asilimia 0.5 kwa anayetoa pesa kwenye simu; ilianza mwaka 2018 ikiwa asilimia moja kwa kila muamala, watu wakapiga kelele, ikapunguzwa. Hayo ni makato, unaweza kuyachukia, mimi pia siyapendi, lakini hayarudishwi. Mara nyingine mashine ya ATM imekata pesa kwenye akaunti bila kutoa noti. Hilo nalo si wizi, na kwa kawaida linarekebishwa benki inapohesabu pesa zilizobaki ndani ya mashine. Tunza risiti, ripoti haraka.

Yakibaki yale usiyoyatambua, andika barua. Nasema andika. Msilalamike kwa mdomo dirishani Mbarara mkarudi na teksi mkiamini mmeshtaki. Barua iwe fupi: jina, akaunti, muamala gani, tarehe gani, wewe ulikuwa wapi. Kama pesa ilitoka kwenye ATM, omba kwa maandishi picha za kamera za saa hiyo zihifadhiwe, kwa sababu kamera hazitunzi picha milele. Toa nakala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Asiyejua kuandika, mwalimu yupo, mchungaji yupo, mwanao wa sekondari yupo.

Benki ikikuzungusha, iko ngazi ya juu. Benki Kuu ya Uganda ilitoa miongozo ya kumlinda mteja mwaka 2011, inayozitaka benki ziwe na utaratibu unaoeleweka wa kushughulikia malalamiko, na mteja asiyeridhika anaweza kuipelekea Benki Kuu yenyewe. Nayo haiko Kampala tu, ina tawi Mbarara. Kwa kadi zinazopokea msaada, kuna pia namba ya bure ya malalamiko ya UNHCR na washirika wake, 0800 323232. Nasikia watu wanaogopa kuipiga, wanadhani watafutwa kwenye orodha. Malalamiko ya kadi si kosa.

Sasa lile swali gumu. Benki au polisi watauliza: kuna mtu mwingine aliyeijua namba yako ya siri? Wapo wanaowashauri wenzao waseme hapana. Mimi nasema semeni kweli, na si kwa sababu za mimbari. Ukisema hapana, halafu kamera ionyeshe kijana wa dukani, kesi yako imekufa, hata ile sehemu iliyokuwa haki yako. Ukisema ndiyo, kesi inabadilika sura: si ya wewe na benki tena, ni ya wewe na mwenye duka, juu ya pesa zilizozidi deni. Na hiyo unaweza kuishinda. Uganda kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, bila kuhitaji wakili. Utahitaji stetimenti yako na hesabu ya deni. Ndiyo maana nawaambia, hata mkikopa, kila mmoja awe na daftari lake, na kila kinachochukuliwa kiandikwe kwenye yote mawili.

Kabla sijamaliza, kuna jambo la laini za simu ambalo linawahusu wengi. Mwaka 2017 Uganda ilikaza masharti ya kusajili laini, ikadai kitambulisho cha taifa. Wakimbizi wengi wakatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, rafiki mwenyeji, mwenye nyumba, hata wakala mwenyewe. Agosti 2019 tume ya mawasiliano iliruhusu nyaraka za mkimbizi zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu zitumike kusajili laini. Lakini laini za zamani bado zipo mifukoni. Kama ujumbe wa benki unaingia kwenye laini ya jina la mtu mwingine, mtu huyo anaweza kwenda kuomba laini mpya ya namba hiyo, akapewa, kwa sababu kwenye karatasi ni yake. Ujumbe wa benki utamfuata yeye. Kasajili laini kwa jina lako, ndipo uipe benki namba hiyo.

Na vijana wa chuo pale Mbarara mnaolipia vitu vya intaneti kwa kadi: ile huduma ya "mwezi wa kwanza bure" inaanza kukata mwezi wa pili, na ulikubali mwenyewe ulipobonyeza. Ghairi mapema. Ukiona dola moja imekatwa na jina usilolijua, usiipuuze. Wezi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo kabla ya kurudi kuchukua kikubwa.

Nimalizie na wenye maduka, kwa sababu najua mnasikiliza. Redio zenu ndizo zinazosikika barabara nzima. Zile kadi kwenye droo mnadhani zinawalinda. Fikirini upya. Siku pesa ya mteja ikipotea, hata kama aliyetoa ni mpwa wako wakati wewe umekwenda Mbarara kuchukua mzigo, anayekutwa na kadi na namba ya siri ya mtu mwingine ni wewe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inautaja udanganyifu wa kielektroniki kuwa kosa la jinai. Utaeleza polisi kwamba ulikuwa unakopesha maharage, na kadi kumi na mbili zikiwa zimepangwa mezani mbele yao.

Njia nyingine ipo, na baadhi yenu mnaifanya tayari. Siku ya malipo mteja na mwenye duka wanakwenda pamoja kwa wakala. Kadi anaishika mteja, namba anaibonyeza mteja, pesa ikitoka anahesabu deni hapo hapo, anakupa, madaftari mawili yanasainiwa. Mtasema atakimbia, ataniacha njiani. Labda mmoja atafanya hivyo. Wengine watarudi kukopa wiki inayofuata, kwa sababu hawana pa kwenda, na hilo mnalijua kuliko mimi.

Simu ziko wazi. Kama kuna mwenye duka anayetaka kunipinga, namsikiliza kwanza yeye.